Maswali Yenu: Kisukari, Korona na Figo Msizozipima

Sukari yangu leo asubuhi ilikuwa 6.1. Korona ikinipata, niko salama?

Swali hili limenifikia mara nyingi mno, na kila anayeliuliza ananiandikia namba hiyo moja tu. Presha je? Figo umezipima lini? Uzito? Macho? Sukari ya asubuhi moja inaeleza asubuhi hiyo tu.

Mwaka 2020, utafiti wa CORONADO nchini Ufaransa uliwafuatilia watu 1,317 wenye kisukari waliolazwa kwa korona. Wastani wa sukari yao wa muda mrefu haukutofautisha waliowekewa mashine ya kupumulia au kufariki ndani ya siku 7 na wengine. Uzito uliopita kiasi ulitofautisha. Hatari ya kufariki nayo ilipanda kwa wazee na kwa wale ambao kisukari kilikuwa kimeshawaharibia figo, macho au mishipa ya damu.

Tafadhali, mtu asisome hapo akaiachia sukari. Takwimu za Uingereza za mwaka uleule zilionyesha kuwa wenye HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa muda mrefu) ya asilimia 10 na zaidi walikufa kwa korona zaidi kuliko wenye asilimia 6.5 hadi 7. Dhibiti sukari, na uombe pia kipimo cha kreatinini (uchafu wa damu ambao figo huuchuja) na cha protini kwenye mkojo walau mara moja kwa mwaka. Nimeliandika hili mara ngapi? Bado wengi mnajua sukari yenu ya leo na hamjui lolote kuhusu figo zenu.

Ipi hatari zaidi, kisukari aina ya kwanza au ya pili?

Uingereza, uwezekano wa kufia hospitalini kwa korona uliongezeka takriban mara 3.5 kwa aina ya kwanza na mara 2 kwa aina ya pili. Ila umri una nguvu kuliko yote: walio chini ya miaka 40 walifariki wachache sana.

Nina homa, chakula hakipiti. Niache insulini mpaka nianze kula?

Usiache! Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa kwa ketoni (asidi inayojaa kwenye damu mwili ukikosa insulini) kabla hata korona haijafika mapafuni. Mwili unaopambana na maambukizi hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Pima sukari kila baada ya saa chache, pima ketoni, kunywa maji, na umuulize daktari kuhusu kipimo cha dozi.

Wengi huchanganya hapa. Dawa za kisukari zinazoweza kusimamishwa kwa muda, kwa ushauri wa daktari, unapotapika au kuharisha ni kama metformini na zile za jamii ya gliflozini, zinazotoa sukari kupitia mkojo. Hizi za pili huweza kuleta ketoni hata sukari ikiwa haijapanda sana, kwa hiyo usitulizwe na mashine ya kidole.

Jirani kasema dawa za presha huifungulia korona mlango. Nimeacha wiki ya pili sasa.

Rudi kwa daktari leo. Hofu hiyo ilizuka mapema mwaka 2020, watafiti wakaifuatilia, haikuthibitika. Presha isiyotibiwa inakuletea kiharusi na kuzimaliza figo, yaani inakuongezea hatari uliyokuwa unaikimbia.

Naweza kuweka deksamethasoni nyumbani kwa tahadhari?

Hapana. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kuwa dawa hii ya jamii ya steroidi inaokoa wagonjwa waliofikia kuhitaji oksijeni. Ambao hawakuihitaji hawakufaidika. Kwako wewe mwenye kisukari inapandisha sukari vibaya, na mwaka 2021 nchini India tuliona fangasi weusi wakila pua na macho ya wagonjwa, wengi wao wenye kisukari waliotumia dawa za jamii hiyo.

Nimechanjwa mwaka 2021. Yatosha?

Kinga hupungua. Uliza kuhusu dozi ya nyongeza, na siku hiyohiyo uombe kupimwa figo.