Barua kwa mwanangu: nani aajiriwe kwanza ngomeni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, na leo baada ya chai nikaurudia nikiwa na kalamu mkononi. Unasema wewe na wenzako mnatengeneza mchezo wa kompyuta wa mambo ya kubuni, wenye ngome na makabaila kama wa Ulaya ya Enzi za Kati, na kila mchezaji anaanza na vipande 300 vya dhahabu vya kuajiria watu wa nyumba yake. Ukaniuliza: "Mama, umefundisha historia miaka yote hiyo, bwana wa ngome angemwajiri nani kwanza? Mfua panga, mwashi, mganga au mfuga kozi, wale ndege wa kuwindia?"

Angeanza na karani, baba. Najua hukumtaja, na najua mchezaji wako anataka kusikia nyundo ikilia juu ya fuawe. Lakini fikiria nyumba ya Eleanor de Montfort huko Uingereza mwaka 1265. Alikuwa dada wa mfalme Henry III, na mumewe, Simon, ndiye aliyekuwa akipigana na mfalme huyo huyo. Hesabu za nyumba yake za miezi ile zipo mpaka leo: siku kwa siku, mkate umetumika kiasi gani, divai kiasi gani, jikoni kumeingia nini, farasi wamekula nini. Mwezi Agosti Simon akauawa vitani Evesham. Bibi amefiwa, yumo ndani ya ngome ya Dover, adui yuko njiani, na karani bado anaandika shayiri ya farasi. Nyumba isiyo na mtu wa namna hiyo haijui hata kama kesho italisha walinzi wake.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu. Katika orodha uliyonitumia kila fundi ana bei moja pembeni ya jina lake. Mchezaji analipa, fundi anaingia, yamekwisha. Hapo ndipo ninapokukatalia. Fundi haji peke yake, na hanunuliwi mara moja.

Chukua ngome ya Beaumaris, kule Wales. Mfalme Edward I alianza kuijenga mwaka 1295. Mkuu wa mafundi alikuwa Master James wa St George, mtu wa Savoy, nchi ya milima ya Alps, aliyeletwa kwa sababu ya ujuzi wake wa ngome. Mwezi Februari 1296 yeye na karani wake (unaona, karani tena!) waliwaandikia wakuu wa hazina ya mfalme. Waliona kwamba watu wa hazina watashangaa fedha nyingi namna ile zinakwenda wapi kwa wiki moja, basi wakawahesabia: waashi 400, vibarua 2,000, wavunja mawe 200, wahunzi 30, maseremala wa kuweka boriti na mbao za sakafu, mikokoteni 100, magari makubwa ya kukokotwa 60, na mashua 30 za kuleta mawe na makaa. Kisha wakasema lililowauma: malipo ya watu yamechelewa mno, na ni kazi kubwa kuwazuia wasiondoke kwa sababu hawana cha kuwaweka hai. Wakaomba kwa jina la Mungu fedha ziletwe haraka, la sivyo yote yaliyofanyika yatakuwa bure. Beaumaris haikumalizika hata leo. Minara yake mingine imeishia njiani.

Nilipokuwa nikisoma barua ile darasani, wanafunzi walidhani sauti inanikatika kwa ajili ya Wales. Nilikuwa nakumbuka nyumba yetu. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka lile rundo la mchanga ulilokuwa ukichezea. Ukuta ulikuwa umefika kwenye linta, mshahara wangu ukachelewa, nami nikamwambia fundi, "Subiri wiki hii." Akasubiri. Wiki ya pili nikamwambia tena. Asubuhi ya Jumatatu nilikuta uzi wake bado umefungwa kwenye misumari, kona mpaka kona, lakini timazi, pima maji na mwiko havipo. Alichukua vifaa vyake akaenda kwenye nyumba nyingine, kwa sababu na yeye alikuwa na vibarua wawili na watoto nyumbani. Kosa lilikuwa langu. Mvua za masika zikaja, matofali ya juu yakalika, na tulipompata fundi mwingine alivunja mistari mitatu ya matofali kabla ya kuanza.

Basi mchezo wako uweke hilo. Mchezaji akimwajiri mhunzi, mhunzi aombe mkaa. Mkaa unataka mchoma mkaa, na mchoma mkaa anataka msitu ambao bwana amemruhusu kukata. Mtengeneza mishale aombe manyoya ya bata bukini: mwaka 1417 mfalme Henry V aliagiza kila bata bukini katika sehemu kubwa ya Uingereza anyonyolewe manyoya sita ya bawa kwa ajili ya mishale ya jeshi lake. Hebu ona jinsi vita vya mfalme vilivyofika mpaka kwenye banda la bata la mama mmoja kijijini! Na huyo mfuga kozi unayempenda, ndege wake wanakula nyama kila siku, ngome ikiwa na njaa au haina. Mwache aje mwisho.

Tena umeuliza kama fundi anaweza kukimbilia nyumba ya jirani anayelipa zaidi. Anaweza, na mabwana walijua. Ndiyo maana walifunga watu kwa zaidi ya sarafu. Mwaka 1284 Master James aliahidiwa shilingi 3 kwa siku maisha yake yote, na mkewe Ambrosia, kama angebaki mjane, shilingi 1 na peni 6 kwa siku. (Shilingi tunayotumia hapa imetoka huko huko kwa Waingereza, na ile yao ilikuwa na peni 12.) Mimi naona ahadi kwa Ambrosia ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko yote. Mtu anayejua mkewe hatalala njaa hatazamitazami barabara.

Wapiganaji nao walikuwa na mkataba wao. Maneno yale yale yaliandikwa mara mbili kwenye kipande kimoja cha ngozi, kisha ngozi ikakatwa katikati kwa mstari wa meno-meno. Bwana akabaki na nusu, mtu wake na nusu. Siku ya ugomvi wanaleta nusu zao, meno yakikaa sawasawa hakuna wa kukana. Huo uchore kwenye skrini, baba, utapendeza. Na sare usisahau. Askofu Robert Grosseteste wa Lincoln alimshauri mama mmoja kabaila, Margaret de Lacy, ahakikishe watu wake wanavaa nguo za nyumba yake kila siku, hasa mezani kwake.

Kama mtaweka tauni, bei zote zipande baada yake. Tauni kubwa iliingia Uingereza mwaka 1348, mafundi na vibarua wakawa haba, na mwaka 1351 wakubwa wakatunga sheria ya kurudisha ujira pale ulipokuwa kabla ya maradhi. Sheria ya namna hiyo mpe mchezaji aichague mwenyewe, halafu aone mavuno yake yanavyobaki shambani.

Kwa hiyo zile 300: karani kwanza, kisha msimamizi wa nyumba, mpishi, na mwashi mmoja mzuri na vibarua wake. Nusu ya dhahabu abaki nayo ya kulipia wiki zinazokuja. Mkishaandika sehemu ya mwashi nitumie niisome, nataka kuona mmemlipa siku gani. Wasalimie wenzako, na ule kabla ya kukaa kwenye hiyo mashine.

Mama yako