Ukishaizoea Injili: Namna ya Kuanza Kushangaa Tena

Mkristo wa miaka mingi hapotezi mshangao kwa sababu ameasi. Anaupoteza kwa kuzoea. Ikitajwa mikate mitano na samaki wawili, kichwa kinakimbilia mwisho wa habari: wakala, wakashiba, vikapu kumi na viwili, amina. Hakuna alichokiona njiani. Baadaye anasema amepoa, anaongeza mfungo na mkesha, na Neno linabaki kavu vilevile. Mara nyingi bidii haikupungua. Kasi ndiyo iliyozidi.

Yesu aliposema katika Mathayo 18:3 kwamba tusipogeuka na kuwa kama watoto hatutaingia katika ufalme wa mbinguni, hakuwa anasifia uchangamfu wa watoto. Mstari wa 4 unataja kujinyenyekeza. Mtoto hana cheo cha kulinda, anategemea, na haoni haya kuuliza. Paulo naye anaweka mpaka katika 1 Wakorintho 14:20: tuwe watoto wachanga katika uovu, lakini katika akili tuwe watu wazima. Kwa hiyo huombwi kuacha kufikiri, unaombwa uache kujifanya umeshayamaliza.

Kabla ya zoezi lolote, lala. Elia alipokata tamaa chini ya mti wa mretemu na kuomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana. Mwili uliochoka hausisimki na chochote, na kumwongezea mikesha mtu wa namna hiyo ni kumtesa. Na kama kwa wiki mbili au zaidi hakuna kinachokufurahisha, si chakula, si watu, si kazi uliyokuwa ukiipenda, muone daktari. Hiyo inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, na sonona inatibiwa.

Kwenye kusoma, acha kwa muda ule mpango wa sura tatu kwa siku. Chukua kisa kimoja cha Marko, mistari isiyozidi kumi na tano, ukae nacho siku saba, robo saa kila siku. Soma kwa sauti, polepole kiasi cha kusikia kila neno. Kisha uliza maswali ambayo mtu mzima huona aibu kuyauliza: wamekaa juu ya nini? Nani amenyamaza? Nani anashika mkate wakati huu? Andika matatu usiyoyajua majibu yake. Siku tatu za kwanza ni marufuku kutafuta fundisho. Hapa ndipo wahubiri na walimu wa Biblia tunapokwama zaidi, maana tumezoea kusoma huku tukipanga pointi za kuwapa wengine.

Tazama mikate hiyohiyo kwa mwendo huo. Marko 6:39 inasema majani yalikuwa mabichi, yaani ya kijani. Kwa nini aseme rangi? Yohana 6:4 inasema Pasaka ilikuwa karibu. Katika nchi ile mvua hunyesha majira ya baridi, na majani huwa bado yana ubichi wakati wa Pasaka kabla jua la kiangazi halijayakausha. Mmoja ametaja rangi, mwingine majira, na hakuna aliyeeleza sababu, lakini vinakubaliana. Kisha Yohana anaongeza kwamba mikate ilikuwa ya shayiri. Fungua 2 Wafalme 7:1 uone bei: shekeli moja inanunua kipimo kimoja cha unga safi, au viwili vya shayiri. Kile kilikuwa chakula cha watu wa hali ya chini. Ndicho Yesu alichokishika akatazama mbinguni. Umesoma kisa hiki mara ngapi bila kujua ladha ya mkate wake?

Ignasi wa Loyola, padre Mkatoliki wa karne ya 16, aliwafundisha watu kuomba hivi, wakipitisha tukio la Injili katika milango yote mitano ya fahamu. Njia ni nzuri, ila ina hatari yake: baada ya siku chache, ulichokiwazia huanza kuchanganyika na kilichoandikwa. Gawa ukurasa wa daftari mara mbili, upande mmoja maandiko, upande mwingine mawazo yako, na usihubiri kamwe ya upande wa pili.

Zaburi ya 8 usiisomee chumbani. Kariri mstari wa 3 na wa 4 mchana ili usihitaji taa, kisha usiku tafuta mahali pa giza na salama. Macho huchukua dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza vizuri, na kuangalia simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Anza siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, muda mfupi baada ya jua kuzama, ukitazama magharibi. Rudi saa ileile kesho yake na keshokutwa, utaukuta mwezi umenenepa na umesogea upande wa mashariki. Kilimia nacho, kile kikundi cha nyota kinachotajwa katika Ayubu 38:31, kihesabu mwenyewe. Macho ya wengi huona nyota sita au saba.

Ukiwa katika msiba au maumivu, usijilazimishe kushangilia. Ayubu aliulizwa maswali sura nne nzima, kuanzia ya 38 hadi ya 41, kuhusu nyota, mbuni na mamba, na hakuelezwa hata mara moja kwa nini aliteseka. Lakini katika 42:3 anakiri kwamba alisema mambo ya ajabu ya kumshinda. Alishangaa akiwa bado majivuni.

Kinachoharibu mambo haraka ni kuwinda hisia. Siku ya kwanza moyo unaruka, siku ya tatu hakuna kitu, na mtu anadhani Mungu ameondoka. Robo saa yako ilikuwa ya kutazama, na umetazama, basi. La pili ni picha: ukishaanza kufikiria maneno ya kuweka chini ya picha, umeacha kuona. La tatu ni shukrani za jumla. “Asante kwa uhai, afya na baraka zote” inaweza kutamkwa huku akili iko sokoni. Taja kitu kimoja cha leo, chenye saa na mahali, kwa sentensi ambayo mtoto wa miaka sita angeielewa.

Ukipata mtoto wa kusoma naye, bora zaidi. Soma wewe, kisha nyamaza. Akiuliza binti wa Yairo, yule aliyefufuliwa, alipewa chakula gani (Marko 5:43), jibu ni “sijui, haikuandikwa”, na umwache aseme anavyodhani. Usimgeuzie swali kuwa somo la utii.

Siku ukikosa, usilipe deni kwa kusoma mara mbili. Wiki ikiisha, nenda kwenye Marko 4:35-41, uangalie Yesu ameweka kichwa juu ya nini, kisha 8:22-26, ambapo kipofu anaponywa kwa hatua mbili. Hicho cha pili huenda kikahitaji wiki mbili.