Siku ile miguu haikuwa inaniuma

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, na mama yako amemaliza kupanda shamba la bondeni bila kunisubiri, kama kawaida yake.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu mama yako akinisomea kwa sababu miwani iko kwa fundi. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, mchumba wangu, yaani mjukuu wangu wa miezi mitano, abatizwe huko Dar, au mumlete huku Krismasi abatizwe pale ulipobatizwa wewe. Pili, kama ni huko, kwa nini unadaiwa barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani kwenu wakati wewe ni Mkatoliki tangu kuzaliwa na Misa ya pili huikosi. Halafu chini kabisa, kama mtu anayedondosha kitu akitumaini hakitaonekana, umeandika kwamba mkwe anaona msubiri mpaka harusi ya kanisani, "tufanye vyote siku moja, Baba, kamati moja, ukumbi mmoja."

Nianze na hilo la jumuiya. Ulipoandika "usumbufu" nilicheka, maana ndilo neno langu la miaka mingi. Jumuiya inachosha, sitakudanganya. Unaamka Jumamosi alfajiri, unakaa kwenye jamvi la mtu, mnasoma Injili ya kesho yake, kisha katibu anafungua daftari na kusoma majina ya wasiotoa mchango, na lako ni la pili. Mimi na mwenyekiti wetu wa zamani tulinuniana mwaka mzima kwa ajili ya viti sita vya msiba alivyodai vimepotelea mikononi mwangu. (Vilikuwa kwake. Nyuma ya banda la kuku.) Lakini usidhani ni kitu walichobuni watu wa mjini ili kukusanya michango. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi mwaka 1976 wakaamua kwamba Kanisa lianzie hapo, kwa majirani wanaojuana kwa sura na kwa shida. Kabla ya hapo sisi tulikuwa na kigango, katekista na kengele, basi.

Na wewe unajua kwa nini siwezi kuisema vibaya jumuiya hata nikiudhika nayo. Bibi yako, ambaye jina lake ndilo lako, alipofariki mwaka 2009, mvua ilikuwa inanyesha usiku kucha. Mimi nimetengeneza majeneza ya nusu ya kata hii. La mama yangu lilinishinda. Nilishika randa, nikaiweka chini. Wanaume wa jumuiya wakachukua mbao zangu wakaingia karakana, na aliyepiga misumari ni yule yule mwenyekiti wa viti, mtu ambaye nyundo huishika kama mwiko. Kifuniko kilipishana na sanduku kwa upana wa kidole. Nilikiona kanisani, nikakiona makaburini, nakiona mpaka leo. Fundi mwenzangu alininong'oneza kwamba anaweza kukinyoosha kwa dakika tano. Nikamkatalia.

Kwa hiyo nenda Jumamosi. Peleka na mtoto, watu hao hawamkatalii mwenye mtoto mgongoni. Na parokia si kama saluni, useme nahamia ile yenye kwaya nzuri. Parokia ni mipaka, unapolala ndipo unapohesabiwa.

Kuhusu bosi wa mkwe, mliyemtaja awe msimamizi wa ubatizo: ni Mlutheri, na hilo halina ubaya, lakini kwa Kanisa letu atasimama kama shahidi tu, pembeni ya msimamizi aliye Mkatoliki. Msimamizi awe na kipaimara na asiwe chini ya miaka 16. Hawaangalii gari lake.

Sasa hilo la kusubiri. Hukuniuliza, najua. Mama yako amesema nisiliguse, na nimemwambia sitaligusa.

Ulipokea Komunyo ya kwanza mwaka 2000, mwaka wa Yubilei, mkiwa watoto arobaini na kitu, mmevaa nyeupe. Mimi nilikaa benchi la tatu upande wa kulia. Yale mabenchi ni yetu, tuliyatengeneza kwa mninga, mimi na mwenzangu niliyesoma naye ufundi Peramiho, kwa malipo ya magunia ya mahindi. Najua kila kifundo cha mbao zile. Pana mahali chini ya kiti ambapo msasa haukupita sawasawa. Vidole hupafikia ukiwa umeinama. Asubuhi ile nilipakwaruza mpaka ukucha ukauma.

Paroko akasema wazazi wasimame, kila mtoto aende altareni katikati ya baba na mama, wapokee pamoja. Benchi letu lote likainuka. Tukabaki wawili, kama visiki shamba likishafyekwa. Wewe ulikwenda na mama yako wa ubatizo, ukigeuka nyuma kila hatua mbili kututafuta.

Tulikuwa tumeishi miaka kumi na miwili bila ndoa ya kanisani, kwa hiyo Komunyo hatukuweza kupokea. Wewe mwenyewe ulibatizwa kwa sababu bibi yako alikaa ofisini kwa paroko akagoma kuondoka. Na wala si kwamba mimi nilikataa ndoa. Nilikuwa nasubiri, mama. Mahari ilibaki kidogo, na wajomba zako walikwishanisamehe. Asiyejisamehe ni mimi. Nilitaka harusi yenye ng'ombe, yenye spika na gari la kukodi, watu waseme fundi naye ameoa. Kila baada ya mavuno nilisema ni mwaka huu. Mahindi yakauzwa, ikaja mbolea. Yakauzwa tena, yakaja mabati.

Uliporudi kutoka kupokea, hukupiga magoti kwanza. Uliinama ukanisemea sikioni: "Baba, mbona hukuja? Miguu inauma?"

Nikasema ndiyo, inauma.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, ukaja na beseni la maji ya moto yenye chumvi. Gauni jeupe umelikunja na kulifunga kiunoni lisilowe. Ukanivua viatu ukanikanda, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, ukiuliza hapa? na hapa? Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, hakusema neno. Miguu yangu ilikuwa mizima kabisa. Nilikuwa nabeba magogo kwa miguu ile. Ulinikanda siku tatu, na siku ya tatu ukauliza kama imepona, nikasema imepona, ukafurahi kama umefanya muujiza.

Labda umesahau. Mimi sijawahi kukwambia mpaka leo kwamba haikuwa inauma.

Ningependa kukuandikia kwamba Jumatatu yake nilikwenda kwa paroko. Sikwenda. Nilikwenda mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, tena kwa ajili ya kabati. Mchwa walikuwa wameingia kabati la ofisi, lile la vitabu vya parokia, nikaitwa kubadilisha ubao wa nyuma. Ili nifike huko ilibidi nitoe vitabu vyote. Cha ubatizo ni kizito kama mtoto wa mwaka mmoja. Nikakifungua. Nani asingekifungua? Vichwa vya safu viko kwa Kilatini, wino umekuwa wa kahawia. Nikatafuta 1960, nikajikuta: jina langu, la baba, la mama, la msimamizi wangu ambaye nilishasahau kuwa ndiye. Na pembeni, kwenye nafasi ya mwisho, wenzangu wa mwaka ule karibu kila mmoja ana maandishi. Kipaimara. Ndoa, na nani, wapi, tarehe ngapi. Mmoja ameolewa Tanga, habari ikasafiri ikaja kuandikwa hapo. Mwingine amekuwa sista. Langu lina kipaimara, basi. Kinachofuata ni karatasi tupu, safi kama ubao uliotoka kwenye randa sasa hivi.

Paroko alinikuta nimeduwaa. Hakunihubiria. Aliuliza kabati litakwisha lini, nikasema Alhamisi. Akasema, basi Alhamisi uje na mama tujaze fomu.

Matangazo yakasomwa Jumapili tatu, watu wakigeuka kututazama, wengine walidhani tulishafunga zamani. Tukafunga tarehe 14 Desemba, Alhamisi, Misa ya asubuhi, Majilio, hata ua moja altareni hakuna. Wasimamizi wawili, wewe, mdogo wako, na wale bibi watatu ambao wako kanisani kila siku hata mbingu zianguke. Tukanywa chai na mihogo ya kuchemsha. Ng'ombe niliyekuwa namsubiri miaka kumi na miwili hajulikani alipo mpaka leo. Kabla ya kuondoka paroko akanionyesha kitabu, akaandika mbele yangu, kwa kalamu ya bluu, pale pembeni.

Mimi husema kila siku, na mnanicheka: sherehe huliwa, kitabu hubaki. Mama yako hujibu kwamba ya kwetu haikuliwa hata.

Na hapo ana haki yake, sitaki ujue upande mmoja tu. Hana picha hata moja ya siku ile. Akienda kwa shemeji yake huketi na albamu ya harusi ya watu, anapindua ukurasa mmoja mmoja, anatazama gauni, keki, mpaka watu waliokaa viti vya nyuma. Nikimwona hivyo najua nilimdhulumu mara mbili: kwanza kwa kusubiri sherehe, kisha kwa kumnyima. Kwa hiyo sisemi sherehe ni upuuzi. Watu kufurahi pamoja nawe ni sehemu ya jambo lenyewe, hata arusi ya Kana walikunywa. Ila Kana hawakuahirisha arusi kwa sababu divai ni kidogo. Basi, nimeligusa. Naacha.

Nyie mmefunga bomani, mnaheshimiana, mkwe ni mtu mwema na simu zangu anapokea. Sisemi kitu. Muulize tu paroko wenu, usimuulize jirani, kama mtoto anaweza kubatizwa kabla ya hiyo harusi. Anachotaka kuona ni tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani. Kanisa lenyewe linataka watoto wabatizwe wiki za mwanzo, si wasubiri ukumbi. Na akikwambia ndoa nayo inaweza kufungwa Alhamisi, usiseme baba ndiye aliyemtuma.

Huku au huko? Hilo ndilo uliloniuliza. Elewa kwanza jinsi kitabu kinavyokwenda. Anapobatizwa ndipo kitabu chake kinapokaa. Akipata kipaimara kwingine, akiolewa kwingine, taarifa inarudishwa ikaandikwe hapo hapo kwenye jina lake. Na siku ya ndoa hawatataka kile cheti kilichokaa kabatini miaka ishirini, watataka kipya, kilichotolewa kutoka kitabuni. Mkimbatizia huku, maisha yake yote atakuwa anaagiza cheti Songea, karibu kilomita 1,000 kwa barabara. Hiyo ni sababu nzito ya kumbatizia huko mnakoishi, kati ya watu watakaomwona akitambaa chini ya mabenchi. Ni sababu pia ya kumbatizia huku, ukinielewa. Mtu ambaye karatasi zake ziko kwenu hawezi kuwasahau kabisa.

Hapo nimesema kwa ubinafsi. Huko ndiko atakakopokea Komunyo, huko ndiko atakakougua homa usiku, na sisi hatutafika kwa saa moja. Nikifikiri kwa akili, najua jibu. Nikiangalia lile kabati, ambalo halijaingia mchwa tena tangu mwaka 2000, jibu linabadilika. Nimeahidi sitaamua, na siamui, ingawa mama yako anasema nimeshaamua kurasa mbili zilizopita.

Yeye tangu jana amefungua sanduku la bibi yako akatoa kile kitambaa cheupe ulichobatiziwa, chenye msalaba wa uzi wa bluu na doa la mafuta ya krisma ambalo halijawahi kutoka. Amekifua, amekianika kwenye kamba nyuma ya karakana ili vumbi la mbao lisikifikie, halikukifikia. Sikumwambia akianike. Kikikauka, niambie tu: nikifunge kwenye bahasha nikitume kwa basi ukipokee Mbezi, au kikae hapa.

Msalimie mkwe. Mbusu mchumba wangu.

Baba yako