Bangi na uyoga ndani ya mduara: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza mambo matatu. La kwanza, umefanya Ibada ya Kufukuza ya Pentagramu, ile ya kuchora nyota ya pembe tano hewani, kila asubuhi kwa miezi mitatu na husikii kitu, sasa unataka kujua kama kuvuta bangi kabla ya kuanza kutakufungulia. La pili, rafiki yako amekwambia kwamba mduara wa ulinzi ukichorwa sawasawa, uyoga wa kulevya hauwezi kukugeuka. La tatu ni lile la jambia, kisu cha ibada, kama ni lazima uwe nalo. Hilo la jambia nitalijibu mwishoni. La mduara na uyoga rafiki yako amekosea, tena vibaya. La kwanza ndilo refu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa hapo ulipo.

Niko kwenye uchawi huu wa ibada, huu wa mduara, chetezo na majina ya Kiebrania, mwaka wa kumi na nne sasa. Kati ya hiyo, kama minne hivi sikufanya ibada yoyote ya maana bila kuvuta kwanza. Uyoga nimeula ndani ya mduara mara tano, LSD, dawa ya maabara ya kuleta njozi, mara mbili. Siku hizi situmii chochote. Sijaokoka wala sijaja kukuhubiria. Nilichofanya ni kukaa siku moja na madaftari yangu ya ibada, nikayasoma kuanzia la kwanza, na nikaona aibu.

Kwanza tuweke sawa jambo moja, maana watakuja watu hapa kusema mambo haya ni uhuni wa vijana wa leo. Kule Tel Arad, Israeli, kwenye hekalu dogo la karne ya 8 KK, kulikutwa madhabahu mbili za mawe ya chokaa mbele ya patakatifu. Mabaki yaliyoganda juu yake yalipopimwa, majibu yalitangazwa 2020: moja lilikuwa na ubani uliochanganywa na mafuta ya mnyama, la pili bangi iliyochanganywa na samadi ili iungue polepole. Kwenye karne ya 19, Mmarekani Paschal Beverly Randolph alikuwa akiisifia hashishi kwa watu waliotaka kutazama kwenye vioo vya kichawi. Kwa hiyo moshi na madhabahu wanajuana tangu zamani.

Lakini angalia na upande wa pili. Golden Dawn, jumuiya iliyoanzishwa London mwaka 1888 na ambayo ndiyo iliyotuachia hiyo ibada yako ya pentagramu, haikuweka dawa kwenye mafunzo yake. Waliotumia walitumia kwa hiari yao. Allan Bennett, aliyemfundisha Aleister Crowley, yule mchawi maarufu wa Kiingereza, alikuwa na pumu kali, na kwa maelezo ya Crowley alikuwa akibadilisha kasumba, morfini, kokeini na klorofomu kwa zamu. Crowley naye mwaka 1909 akachapisha makala ndefu kuhusu hashishi, akiieleza kama mtu wa maabara: hatua tatu za ulevi, ipi ina faida kwa mtu wa taamuli na ipi ni fujo tupu ya picha zinazokimbizana. Makala ni nzuri, mimi naikubali. Ila alikufa 1947 akiwa bado anajidunga heroini, ambayo awali aliandikiwa na daktari kwa ajili ya kifua. Ukimfuata kwenye makala, mfuate na huko.

Sasa nikupe usiku mmoja, uone mwenyewe.

Ilikuwa kazi ya Zebaki, yaani ibada ya kuiendea sayari hiyo, mwaka wangu wa tano. Nilikuwa nimevuta kijiti kizima, stimu imekaa vizuri, ubani unafuka, mishumaa minane. Nikaanza na kufukuza kama kawaida. Mashariki nikachora nyota, nikatetemesha jina takatifu, yaani kulitamka kwa sauti ya mtetemo, safi kabisa, niliiona ile nyota ikiwaka bluu hewani kuliko siku yoyote. Nikazunguka. Halafu nikajikuta nimesimama na jambia nimelielekeza kwenye kabati la nguo, na sikumbuki kama hapa ni kusini au magharibi, wala kama kusini nimeshapita. Nikamwita Gabrieli. Nikagundua nimemwita kwenye nafasi ya Mikaeli. Nikacheka peke yangu, nikasema malaika wataelewana wenyewe, nikaendelea.

Kisha nikaketi, nikafumba macho, na mtu akaja. Kijana mwembamba, kanzu ya rangi ya chungwa, uso unabadilika kila nikimtazama. Hakusema neno. Alinyoosha mkono hewani akachora alama: mistari mitatu inayopita katikati ya duara, mmoja una ndoano mwishoni. Nililia, sikufichi. Nikaichora daftarini, chini yake nikaandika kwa herufi kubwa THIBITISHO KAMILI, nikapigia mistari miwili.

Siku mbili baadaye nasafisha chetezo. Kifuniko chake kina matobo ya kutolea moshi. Mistari mitatu inapita katikati ya duara, na mmoja umepinda pale kilipowahi kuanguka.

Hapo ndipo shida ilipo, mkuu. Niliona kifuniko cha chetezo kwenye njozi, hilo ni sawa, hata mtu asiyetumia kitu hutokewa. Kilichonitia aibu ni kwamba sikumhoji yule mgeni hata mara moja. Unajua utaratibu. Anayetokea unampa ishara ya daraja, ile ya mkono ya ngazi uliyofikia, unasubiri airudishe, unamuuliza jina na unalipima jina lenyewe kwa hesabu ya herufi, unachora mbele yake alama ya sayari uliyoiendea, na kama ni wa kuungaunga anafifia au anageuka. Ukibishiwa hodi usiku unauliza nani kabla ya kufungua. Kazi hiyo ya kuhoji inataka ushike vitu vitatu vinne kichwani kwa pamoja huku njozi ikiendelea, na hiyo kumbukumbu ya papo kwa papo ndiyo kitu cha kwanza bangi inachokunyang'anya. Nyota inawaka zaidi, ndiyo. Anayetakiwa kukagua ameshalala.

Niliporudi kwenye madaftari nikakuta hali ni hiyohiyo kurasa na kurasa. Kila ibada niliyofanya nimevuta ina maneno "kali sana", "nguvu isiyoelezeka", mara nne "nimeelewa kila kitu" bila kuandika nilielewa nini. Ibada za siku kavu ni fupi na za kuchosha. Hii hapa moja, naikopi kama ilivyo: "Dakika 25. Goti linauma. Urieli (malaika mwingine wa ibada hiyo) alikuwa hafifu. Alama ilikataa kukaa, ikageuka mara mbili. Swali halikujibiwa." Lakini kwenye hizo kavu ndiko kuna vitu ninavyoweza kuvifuata: alama ilikataa wapi, kwa nani, ikatokea tena wiki ya tatu. Kwenye zile za stimu hakuna cha kushika. Mtu aliyelewa haandiki alichokiona, anaandika alivyofurahi kukiona.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: itakufungulia? Utahisi imekufungulia. Na ukishahisi hivyo mara tatu, ibada kavu itakuwa haina ladha tena, ndiyo maana mimi nilipoteza miaka minne.

Uyoga ni habari nyingine, sitaki kuuweka kapu moja na bangi. Kwanza muda. Ibada yako ni dakika 20, uyoga ni saa nne hadi sita, LSD inaweza kufika kumi na mbili. Ukipanga ibada kwa kufuata karatasi utachekesha. Mara yangu ya tatu nilikuwa nimeandaa wito wa Jua wa kurasa mbili. Ilipofika saa ya pili herufi zilikuwa zinatembea kama siafu, nikaweka karatasi chini. Nikaketi katikati ya mduara nikabaki na jina moja tu, nalitetemesha taratibu kila pumzi, sijui kwa muda gani. Ile ni kati ya nyakati kubwa za maisha yangu na siwezi kuikana hapa ili nionekane nimekomaa. Watafiti wa Johns Hopkins walitoa matokeo 2006 kwamba wengi kati ya watu 36 waliopewa silosaibini, kemikali iliyomo kwenye uyoga huo, waliihesabu siku ile miongoni mwa siku za maana zaidi kiroho maishani mwao, na mimi naamini. Ila wale walichujwa kwanza kiafya, wakaandaliwa kwa mazungumzo siku kadhaa, na hawakuachwa peke yao hata dakika moja.

Na hapo tunafika kwa rafiki yako na mduara wake.

Ijumaa Kuu ya 1962, kwenye kanisa la Marsh Chapel, Chuo Kikuu cha Boston, mtafiti Walter Pahnke aliwaweka wanafunzi 20 wa theolojia kusikiliza ibada. Kumi walipewa silosaibini. Fikiria ulinzi uliokuwepo pale: kanisa, siku takatifu, mahubiri, nyimbo, watu waliosomea mambo ya Mungu. Zaidi ya mduara wako na wangu. Wengi walipata walichokifuata. Lakini mmoja wao alitoka mbio nje akiamini ametumwa kutangaza ujumbe, hakutulizika, ikabidi achomwe sindano ya kumtuliza. Taarifa ya kwanza haikulitaja hilo, lilijulikana vizuri watu walipofuatiliwa miaka mingi baadaye.

Mimi kanisa langu lilivunjika nilipokula uyoga mara ya tano. Nilikuwa peke yangu, wiki mbili baada ya kuachana na mtu, na kwa akili zangu nikachagua kazi ya sayari ya Zohali. Uzito, mipaka, kifo. Manemane kwenye makaa, dirisha nimefunga ili moshi ukae. Hofu ilianza kama saa moja na nusu baadaye. Nikafanya kufukuza. Ikazidi. Nikarudia, nikarudia, nadhani mara kumi, na kila nikimaliza kitu kinaniambia umekosea mashariki, anza upya. Unaona mtego huo? Ibada yenyewe ndiyo ilikuwa inachochea. Kilichoniokoa ni kwenda kinyume na kila sheria niliyofundishwa: nilivuka mduara bila kuufunga, nikawasha taa, nikafungua mlango, nikampigia kaka yangu. Akaja, akaketi sakafuni, akawa ananisimulia habari za gari lake bovu mpaka kukapambazuka.

Kichwa kiliniuma siku nzima, na nilikuwa nimeshaanza kuamini ni Zohali ameniachia alama. Kaka ndiye aliyeuliza kwa nini nimewasha makaa chumbani na dirisha limefungwa. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, na inaua. Sasa jiulize: ni mara ngapi watu wamehisi "uwepo" kwenye vyumba vya ibada, kumbe ulikuwa jiko tu?

Kama pamoja na yote haya utajaribu (nakujua, mimi ningejaribu), basi kuna mambo sina mzaha nayo. Kama kwenu kuna aliyewahi kuugua skizofrenia au kuwa na hali ya kupanda na kushuka ya bipola, acha kabisa, na bangi nayo imo. Ukiwa kwenye lithiamu, usiguse uyoga wala LSD, kumetokea watu kupata degedege. Mbegu za harmala, zile watu wanaopenda mambo ya kale wanazozifukiza, usizimeze kamwe ukiwa kwenye dawa za sonona, mchanganyiko huo unaweza kukuua. Bangi ya kula inachelewa, hata saa mbili, na wengi wanaongeza wakidhani haijafanya kazi. Asiwepo mwenye funguo za gari mfukoni, na awepo mtu mzima ambaye hajagusa chochote. Halafu kuna sheria: mkataba wa kimataifa wa 1971 umeziweka LSD, silosaibini na meskalini (ya dungusi) kwenye kundi la kwanza, lile kali zaidi, na nchi nyingi zinafunga watu kwa hizo. Hakuna malaika mkuu wa kukutoa mahabusu.

Na la kitabibu kidogo, la kiibada zaidi: andika swali kabla, wino juu ya karatasi, limkabidhi yule mtu mzima. Kesho yake jibu lisomwe mbele yake. Utashangaa mangapi ya usiku yatashindwa kusimama asubuhi.

Kuhusu miezi yako mitatu bila kusikia kitu. Ndugu, ile ni ibada ya kufukuza! Kazi yake ni kusafisha, chumba kilichofagiwa hakipigi kelele. Acha kupima hisia kwa mwezi mmoja, pima kitu kimoja tu: nyota ya mashariki, unaweza kuishika machoni kwa pumzi ngapi huku unachora ya kusini? Andika namba. Mimi nilianza na pumzi mbili. Pia shusha sauti, wengi wanaimba majina kutoka kooni wakati yanatakiwa yatikise kifua. Na ihamishie jioni kama asubuhi unakimbizana na muda.

Jambia si lazima. Vidole viwili vinatosha. Langu, usiku ule wa Zohali, nilikuwa nimelisahau sandukuni, na kaka yangu alipolikuta baadaye alilitazama kwa muda mrefu kabla ya kunirudishia.