Usivunje kuta za boti kabla hujajua maji yanaingilia wapi

Mkuu, umesema umepata boti ya tanga ya faiba, futi 26, imelala ufukweni Lindi miaka mingi. Ndani mbao zimeoza, magodoro yameota ukungu, na unataka kung'oa kila kitu uanze upya. Ngoja kwanza. Mimi nilifanya hivyohivyo hapa Mikindani na ya kwangu ya futi 27, nikajuta misimu miwili.

Ya kwangu ilijengwa Uingereza miaka ya 1970, ile aina yenye mikuku miwili (yale mapezi mazito ya chini ya boti), maji yakitoka inasimama yenyewe kwenye mchanga. Kwa hiyo kuipandisha haikuwa kazi ya ajabu. Tulisubiri bamvua, maji yanapojaa sana, tukaitandikia magogo ya minazi, vijana na kamba, mpaka chini ya mwembe uani kwangu.

Siku ya kwanza nikaingia na mtaimbo. Kufika jioni nilikuwa nimetoa vitanda, makabati, sakafu na nusu ya ukuta wa kati. Mbao zilizooza nikazirundika nje, na nyumbani wakazipikia (moshi wa mbao zenye rangi haufai jikoni, hilo nalo nililijua baadaye). Kesho yake nikapanda na mita na guni (kile kipimo cha pembe mraba) kupima ubao mpya, ndipo nikaona nilichofanya. Ndani ya boti hakuna palipo sawa. Ubavu unapinda kwenda chini, hapohapo unapinda kwenda mbele, na dari nayo ina mgongo. Kile kipande kilichooza ndicho kilikuwa kipimo changu, nami nilishakipikia ugali.

Jirani yangu ni mzee, fundi wa mashua tangu ujana wake. Akapita, nikamwamkia.

"Marahaba. Guni hilo la nini?"

"La kupimia, mzee."

"Kalirudishe kwa seremala wa milango."

Akanionyesha namna yao. Unasimamisha boksi la katoni karibu na ubavu, unafunga penseli kwenye kijiti, unakokota kijiti kikiufuata ubavu kutoka juu hadi chini. Penseli inachora mpindo uleule kwenye boksi. Unakata, unajaribu, unapunguza, unajaribu tena. Ukuta mmoja ulinilia maboksi manne. Wewe mwenye mbao zako bado, hata zikiwa zimeoza, zitoe taratibu, andika kila moja kwa kalamu ya wino mzito ilikuwa upande gani, halafu ziweke mahali mpishi hazioni.

Kituko kingine. Nilipopata umbo, nikakata ubao wa ukuta mzima, mzuri, kingo laini. Haukupita mlangoni! Kiwandani, ndani hutengenezwa kabla sitaha (sakafu ya juu inayofunika boti) haijawekwa, kwa hiyo waliushusha kwa juu. Sisi kila kitu chetu kitapita kwenye kile kimlango. Ikabidi niukate katikati na kuuunga upya mle ndani, kwa kipande cha nyuma na epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya. Pima mlango kabla hujapima ukuta.

Sasa maji. Wengi hudhani bahari ndiyo inayoozesha, lakini chumvi kuvu hawaipendi sana. Kinachomaliza boti kama hizi ni mvua, maji matamu yanayopenya kwenye sitaha na kukaa nyuma ya kabati pasipo na upepo. Angalia bolti zinazoshika waya za mlingoti, fremu za madirisha, na kila kishikio kilichofungwa juu. Mweke mtu ndani na tochi na chaki, wewe mwaga maji nje kwa mpira, eneo moja dakika kama kumi, ukianzia chini ukipanda juu. Ukianzia juu, maji yatateremka na hutajua yameingilia wapi. Bolti inayovuja usiipake silikoni juujuu. Itoe, panua tundu, jaza epoksi, ikikauka toboa tena, ndipo urudishe bolti na dawa ya kuziba. Maji yakivuja tena hapo yatakuta epoksi, hayatagusa mbao iliyo katikati ya sitaha.

Ukuta wa kati usiuone kama pazia la choo. Kama mlingoti wako umesimama juu ya sitaha, ukuta ule ndio unaoubeba, na waya zake mara nyingi zimeshikwa hapohapo. Laza mlingoti, weka nguzo chini ya sitaha, toa ukuta mmoja, weka mpya, ndipo uguse mwingine. Ukitoa zote kwa mpigo, boti inaweza kubadili umbo nchi kavu.

Mbao: ukisema marini bodi madukani huku, mara nyingi utapewa ule ubao mweusi wa kumwagia zege. Huwa na mapengo kati ya tabaka, na epoksi haishiki kwenye ule utelezi wake. Wa boti hasa hugongwa muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti. Ukikosa, omba kipande cha ubao wowote, kichemshe sufuriani saa kadhaa, ukianike. Tabaka zikiachana, ni wa kutengenezea stuli. Mimi mninga niliweka kwenye kingo tu, kwa macho na kwa sababu ya mfuko.

Epoksi na joto letu ni ugomvi. Nilikoroga nusu lita saa sita mchana kwenye kopo refu, likatoa moshi mkononi mwangu. Koroga kidogo, mimina kwenye sahani pana. Mbao zipake jioni joto linaposhuka. Asubuhi ubao ukianza kupata joto hupumua, na rangi yako itajaa mapovu. Ukikwaruza faiba, vaa barakoa na mikono mirefu, kisha oga maji ya baridi, si ya moto, la sivyo utajikuna usiku kucha.

Magodoro tupa, usijidanganye na jua. Mapya nilivisha ile ngozi bandia ya viti vya daladala, tukaamka migongo imelowa jasho, nikabadilisha kwa turubai la pamba. Chini yake weka vibao vyenye nafasi, hewa ipite, na milango ya makabati itoboe matundu.

Mtungi wa gesi usikae ndani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, na kungoja kiberiti.

Mvua zetu zikishakatika, kuanzia Juni mpaka Oktoba, upepo wa kusi ni mkavu na ndio msimu wa kupaka na kuunga. Mpaka wakati huo funika boti kwa turubai, fungua madirisha, iache ipigwe na upepo. Na kama tayari umeshachokonoa kwenye zile bolti za waya, weka picha hapa, nione ubao wa chini yake una rangi gani.