Mwanangu, kabati lako lina chakula

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma, nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye meseji. Unasema ziwa limechafuka, kivuko cha Bugolora hakivuki, duka la hapo kisiwani Ukara limebaki na chumvi, sabuni na biskuti, na mshahara bado haujaingia. Ndani una unga wa sembe, mchele kidogo, maharage mekundu, choroko, karanga, dagaa wakavu, michembe, vile viazi vitamu vya kuanikwa nilivyokufungia ulipokuja likizo, vitunguu vichache, nyanya mbili zinazoanza kulegea, ndimu, na mafuta nusu chupa. Halafu unaniuliza: "Mama, nitapika nini wiki nzima na hakuna kitu?"

Kitu kipo, baba. Hivyo ulivyovitaja vinamtosha mtu mmoja wiki nzima, na atashiba. Umezoea kuamua kwanza unataka kula nini, kisha unakwenda kununua kinachopungua. Wiki hii anza na kabati. Jiulize kipi kitaoza kwanza, kipi kinachelewa kuiva, na kipi kitaupa mchuzi uzito. Ukishapata majibu hayo, chakula cha siku kitakuwa kimejipanga chenyewe. Miaka yote niliyowapikia makuli hapa Mwaloni Kirumba nimepika hivyo. Mtu anayeshusha magunia tangu alfajiri anachotaka ni sahani iliyojaa mchana, na hata siku ambayo sato na sangara wamepanda bei lazima aipate.

Nyanya zako zipike leo hii. Katakata kitunguu kimoja, kaanga taratibu mpaka kianze kuwa na rangi, tia nyanya na chumvi, acha zikaukie mpaka mafuta yajitenge. Hiyo rosti igawe mara mbili: nusu iingie kwenye choroko za leo jioni, nusu kwenye kitoweo cha kesho mchana, na uichemshe tena kabla ya kulala kwa kuwa friji huna. Choroko nimekuchagulia za leo kwa sababu hazihitaji kulowekwa, zinaiva upesi na hazimalizi mkaa. Maharage yasubiri kesho, ila yaloweke leo usiku.

Sikiliza vizuri kuhusu maharage, maana mkaa wako ni bajeti kama unga ulivyo bajeti. Maji ya kulowekea yamwage. Bandika kwa maji mapya, yachemke kwa nguvu, na yaendelee kutokota hivyo kwa dakika zisizopungua kumi. Maharage mekundu yana sumu ndani yake, na moto wa kuvuta polepole tangu mwanzo hauiui. Mtu anayakula yakiwa nusu mabichi, saa chache baadaye anatapika na kuharisha, akidhani amerogwa. Yakishachemka hivyo na kuanza kulainika, funika sufuria kwa mfuniko unaobana, iepue, ifungie ndani ya blanketi na kuiweka kwenye kikapu kilichojazwa nguo au majani makavu. Nenda kafundishe. Ukirudi yatakuwa yamesogea sana, utayamalizia kwa moto mdogo. Chumvi tia mwishoni. Pika mengi kwa mara moja: siku ya kwanza ule na ugali, siku ya pili na wali, na yatakayobaki nitakwambia pa kuyapeleka.

Sasa dagaa. Hapa nitakaa kidogo, maana naona vijana wengi wanaishi pembeni ya ziwa hili na dagaa hawawajui kuwapika. Wanawaosha mara moja, wanawatumbukiza kwenye maji, kisha wanalalamika kwamba ni wachungu na wana mchanga. Dagaa aliyeanikwa chini mchangani anakuja na mchanga wake, kwa hiyo kwanza wamwage kwenye ungo, wapepete, uwachague. Kata vichwa kwa vidole na utoe kile cheusi cha tumboni, ndiko uchungu uliko. Ni kazi ya kukaa, ifanye ukisikiliza redio. Kisha waoshe kwa maji ya vuguvugu, ukiwatoa dagaa kwa kuwachota kwa mkono na kuacha maji na mchanga chini ya bakuli. Usimwagie vyote kwenye chekecheke, mchanga utarudi juu yao. Rudia mpaka chini ya bakuli pawe safi. Wakichuja, wakaushe kwenye kikaango kikavu bila mafuta, ukigeuza, mpaka ile harufu kali ipungue na wasikike wanagonga kikaango. Hapo ndipo wako tayari kuwa mboga.

Cha kwanza wafanye wa karanga. Karanga zako kaanga, pepeta maganda, twanga mpaka mafuta yaanze kutoka. Kaanga nusu kitunguu kwa mafuta kidogo sana, tia dagaa, wageuze. Koroga karanga kwa maji ya vuguvugu kwenye kikombe mpaka ziwe kama uji mwepesi, mimina, punguza moto, na usiondoke hapo: karanga zinashika chini ghafla. Zikianza kuwa nzito na kutoa mafuta juu, kamulia ndimu, epua. Ugali na hicho kitoweo, mwanangu, ni chakula kamili. Dagaa huliwa na mifupa yake yote, na hiyo ndiyo inayotupa madini ya mifupa na meno. Ndimu usiidharau, kwani mbali na kukata harufu, inausaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyo kwenye karanga, maharage na choroko. Chai ya rangi ikae mbali na mlo, inayazuia.

Siku nyingine wakaange wakauke kabisa kwa kitunguu na pilipili, ule na wali. Wakibaki kidogo, wakavu, watwange wawe unga, weka kwenye kopo. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye choroko au kwenye majani kinabadilisha sufuria nzima. Siku utakayokuwa huna kitoweo chochote cha maana, kopo hilo litakuokoa.

Na kwa kuwa unaishi kisiwani, jifunze kuutazama mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, giza likiwa limetanda. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, na bei hapa Mwaloni inapanda. Kwa hiyo nunua mwezi ungali mchanga, uanike tena mwenyewe juani ukiona hawajakauka vizuri.

Michembe umeiacha chini kabisa ya ndoo, nakujua. Naomba uitoe. Sipendi nikisikia mtu anaiita chakula cha njaa. Bibi yako kule Magu alikuwa anakata viazi vitamu, anaanika, anaweka ghalani, na kiangazi kilipokuja nyumba yake haikuyumba. Watu wa Usukumani walijua mvua itakata na njia itafungika, wakajiwekea. Wewe leo uko katika hali ileile waliyoiandalia. Ioshe, iloweke kidogo, chemsha mpaka iwe laini, mwagia karanga za kutwanga na chumvi kidogo, uiache ivute. Hicho ndicho kifungua kinywa chako cha siku mbili tatu, na unga wa uji utaokoka. Yale maharage yaliyobaki siku ya tatu yapondee humo humo na michembe, kwa mwiko, utie kitunguu cha kukaanga juu. Utanishukuru. Nilikuchanganyia na matobolwa, yale yaliyochemshwa kabla ya kuanikwa; hayo hayahitaji moto mrefu, na unaweza kuyatafuna tu ukisahihisha madaftari.

Mboga za majani hujazitaja kabisa kwenye orodha yako, kama vile zinauzwa dukani. Ukara si mahali pa kukosa majani. Wakara wanasifika tangu zamani kwa kulima kila kipande cha ardhi na kufuga ng'ombe zizini nyumbani ili wapate samadi ya mashamba. Toka ukasalimie. Waulize akina mama jirani majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha, mgagani, mlenda. Nunua kwa hela ndogo uliyonayo, au wasaidie watoto wao masomo jioni. Wewe ni mwalimu wao, na hakuna mama atakayekunyima fungu la majani. Ukipata maziwa ya mgando kikombe kimoja, hayo yanaweza kuchukua nafasi ya nyanya kwenye mboga yoyote: tia mwishoni, moto ukiwa mdogo, yasikatike. Majani yakizidi, yachemshe kidogo, yaanike, uhifadhi. Ndiyo nsansa uliyokuwa ukila kwa bibi yako. Mlenda kama utatia magadi, tia kidogo mno, maana magadi yakizidi yanaua vitamini na kuacha ladha ya sabuni.

Wakikupa kisamvu, kitwange vizuri na kukichemsha muda mrefu bila kufunika sufuria. Na hapa nakuomba usinifanyie haraka. Muhogo mchungu una sumu, na kinachoitoa ni kuuvundika na kuukausha kwa siku zake kamili. Mwaka 1985 kule Tarime, wakati wa ukame, watu walifupisha kazi ya kuandaa muhogo kwa sababu ya njaa, na baadhi yao, hasa watoto na akina mama, miguu ilipooza ghafla bila kupona. Ugonjwa ule unaitwa konzo. Ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa na kukaushwa, wa jirani anayejua kazi yake kula kwa raha, na kwa samaki hakuna ugali unaoushinda. Wewe mwenyewe usinunue muhogo mbichi usioujua ukaujaribishia jikoni.

Karanga nazo zichague moja moja. Iliyooza, iliyosinyaa, yenye ukungu wa kijani au manjano, au inayochoma ulimini, tupa. Usiseme "nitaikaanga vizuri", moto wa jikoni hauiondoi sumu ile. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, na karanga ni ndugu wa mahindi katika jambo hilo. Huu ndio upotevu pekee ninaouruhusu jikoni kwako.

Mchele ni kidogo, basi usiupike peke yake. Kikombe kimoja cha mchele na nusu kikombe cha choroko zilizochemshwa kidogo, kitunguu, chumvi, mafuta kijiko kimoja: upate sahani mbili nzito. Pika wa kuisha siku hiyo hiyo. Ugali ndio unaweza kulala: ukate vipande asubuhi, uvichome kwenye kikaango kwa mafuta ya kupaka tu mpaka vishike rangi, ule na chai. Mafuta yako nusu chupa yanatosha ukipima kwa kijiko. Kumimina kutoka kwenye chupa ndiko kunakoyamaliza. Karanga zenyewe zina mafuta, kwa hiyo siku ya karanga punguza.

Vitunguu vyako ni vichache, kata nusu kwa kila chungu, lakini ukikaange mpaka kinukie. Nusu iliyokaangwa kwa subira inazidi viwili vilivyochemshwa.

Mshahara ukitoka, kabla hujanunua soda, nunua vya ndani. Kwangu mimi kilo moja ya unga inatoa milo minne ya ugali kwa kijana kama wewe. Piga hesabu zako na uongeze ya wiki mbili za ziwa kuchafuka. Nunua choroko kuliko maharage kwa ajili ya mkaa. Vyote viweke kwenye ndoo zenye mifuniko, na kila mara jua likiwa kali vitoe uvianike, wadudu wa nafaka hawapendi joto. Choroko unaweza kuzichanganya na majivu safi yaliyochekechwa, uzioshe siku ya kupika.

Boti ya mizigo ikianza kutembea nitampa mwenye boti mzigo wako: ukwaju, ili ndimu zikiisha uwe na kitu kichachu, dagaa kilo mbili niliowachagua kwa mkono wangu, mafuta ya alizeti, na pilipili kichaa zilizokauka. Ndoo tupu zirudishe kwa boti hiyo hiyo, ninazihitaji hapa gengeni. Dada yako anakusalimu, anauliza kama michembe umeshaila au umeigawa. Niandikie leo jioni uniambie choroko zimetokaje.

Mama yako
Kirumba, Mwanza