Barua kwa mwanangu: magoti ya mdakaji

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kuchuchumaa kutamharibia mjukuu wangu magoti, sasa kwa kuwa kocha wa besiboli anataka awe mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira. Yatauma, hilo halina ubishi. Ndiyo maana siku hizi wadakaji wengi wa ligi kuu ya Marekani huweka goti moja chini, hata kukiwa na mkimbiaji kwenye besi, vile vituo vitatu anavyovipitia mpigaji kabla ya kurudi nyumbani, pale mbele ya mdakaji, kufunga pointi. Lakini goti si jambo la kwanza linaloninyima usingizi. Mimi nahofia vidole na shingo.

Mpira wa kilomita 150 kwa saa unamfikia mdakaji chini ya nusu sekunde. Ukiguswa kidogo tu na gongo hubadili njia, na kidole kilichonyooka huvunjika hapo hapo. Basi mkono usio na glavu ukunjwe ngumi, kidole gumba kikiwa ndani. Kukiwa hakuna mkimbiaji, aufiche nyuma ya mguu. Akiwapo, ukae nyuma ya glavu, kwa sababu mkimbiaji akikimbilia besi ya pili, mdakaji ndiye wa kurusha mpira huko: kutoka nyumbani hadi besi ya pili ni karibu mita 39, na mpira unatakiwa ufike kwa sekunde mbili hivi tangu ulipogonga glavu.

Mpira unaodunda ndio mtihani wenyewe. Nimekwambia tangu utotoni na namwambia na yeye: usiudake, uzuie. Magoti yatangulie kushuka, glavu izibe nafasi kati ya mapaja, mabega yainame mbele, kidevu kigote kifuani, pumzi itoke. Kifua kikilegea, mpira unafia mbele yako. Kikikakamaa, unaruka mbali na mkimbiaji anaondoka. Watoto hukosea kwa kugeuza uso, na ukigeuza uso umeifungua shingo, mahali ambapo kinga haifiki. Usiudake, uzuie.

Unakumbuka ule usiku wa Mei 25, 2011, mama yako alipozima televisheni? Timu za Giants na Marlins, San Francisco, iningi (kipindi cha mchezo) ya 12, pointi sita kwa sita. Mpira wa juu ukadakwa upande wa kulia, Scott Cousins wa Marlins akatoka besi ya tatu kukimbilia nyumbani. Mpira ukaja nyumbani, haukukaa kwenye glavu ya Buster Posey, mdakaji wa Giants, naye tayari anageuka kumgusa Cousins ili kumtoa, kwa glavu tupu, mguu wa kushoto umekunjika chini yake. Cousins akamwingia kwa bega. Mfupa wa mguu ukavunjika, kano za kifundo zikachanika, msimu ukaishia pale.

Mpaka leo nikiiona ile picha mwili unanisisimka. Cousins hakuvunja sheria yoyote, sheria ya wakati ule ilimruhusu. Lakini njia ya kupita si ilikuwapo? Ilikuwapo, naona mimi. Haya, na mtu anayekimbia kwa kasi ile, pointi ya ushindi iko mbele yake, ana muda gani wa kuitafuta? Nabishana na nafsi yangu kila mwaka. Posey alirudi, na 2012 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Sheria ya kumlinda mdakaji ilikuja 2014: mkimbiaji asiache njia yake ili kumgonga, na mdakaji asiye na mpira asizibe njia.

Sasa unataka niseme ndiyo au hapana. Ninalo jibu, na limenikaa mdomoni tangu nianze barua hii, lakini wewe ndiye baba yake. Ukikubali, usimnunulie kinga za kukulia. Ya mguu ifunike goti lote akiwa amechuchumaa, ya kifua isipwaye shingoni, na ile ya sehemu za siri avae hata mazoezini. Na asimame mbele ya besi ya nyumbani, njia iwe wazi, mpaka mpira uwe mkononi.

Baba yako